Simu haitamwondoa daktari wa ngozi, ila inaweza kumharibu anayeanza



Ndugu msomaji, zamani kidogo mtu akitokwa na baka shingoni alikuwa anaulizia kwa jirani, kisha duka la dawa, kisha kwa mganga wa miti shamba, na mwisho kabisa ndipo aje zahanati. Sasa imeongezeka hatua moja mbele ya zote hizo. Analipiga picha baka lake, anaiuliza simu, na simu inampa jina la ugonjwa, mara nyingine na jina la dawa. Akifika kwetu haji kuuliza anaumwa nini. Anakuja kutaka dawa ya kile alichokwisha kuambiwa.

Kinachomjibu kinaitwa akili mnemba. Si jini, wala si mtu aliyejificha Ulaya. Ni programu ya kompyuta iliyolishwa picha na maandishi kwa wingi mno, mpaka ikaweza kuitazama picha yako na kukisia inafanana na zipi kati ya zile ilizowahi kuonyeshwa. Kwa magonjwa ya ngozi jambo hili lina mvuto wa pekee, kwa sababu ugonjwa wenyewe uko nje. Huwezi kuipiga malaria picha kwa simu ukaijua. Baka unaweza.

Ndiyo maana limezuka swali ambalo sasa linasikika hadi huku Ushetu. Kuna kijana nimjuaye, tabibu mwenzangu, amemaliza stashahada yake na ana hamu ya kwenda kusomea magonjwa ya ngozi. Baba yake ni mkulima wa tumbaku. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: “Niuze ng'ombe watatu ukasomee kuangalia upele, na upele wenyewe simu inauangalia bure?”

Swali la mzee huyo si la kijinga hata kidogo. Watu wakubwa kuliko yeye wamelisema. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hii duniani, ambaye mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, alisema hadharani kwamba watu waache kuwafundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa baada ya miaka mitano hivi mashine ingekuwa imewapita. Miaka mitano ikaja ikapita. Madaktari hao bado wanafundishwa, bado wanaajiriwa, na nchi tajiri zenyewe zinalalamika kuwa hawatoshi.

Basi msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji asinitafute. Mashine haitamnyang'anya kazi daktari wa ngozi wa nchi hii. Hofu yangu iko kwingine. Inaweza kumfanya kijana anayeanza asiwe daktari kamwe, akabaki kuwa msomaji wa majibu ya simu aliyevaa koti jeupe. Na atakayelipa gharama ya hilo ni wewe na watoto wako.

Tuitendee haki kwanza

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameifundisha kompyuta kwa picha 129,450 za magonjwa ya ngozi ya aina 2,032. Wakaipambanisha na madaktari bingwa 21 katika kutambua saratani kwa picha, nayo ikawa sawa nao. Hilo si jambo dogo, na mwenye kulidharau anajidanganya.

Shirika la Afya Duniani nalo limetoa programu ya simu ya kuwasaidia wahudumu wa vijijini kuyatambua magonjwa ya ngozi yasiyopewa kipaumbele, kama ukoma na upele, na akili mnemba kwa kazi hiyo imefanyiwa majaribio kwa jirani zetu Kenya. Mimi naliona jema hilo. Anayefanya kazi peke yake katika zahanati ya ndani kabisa, ambaye bingwa wa karibu yuko Bugando, Mwanza, safari ya siku nzima na nauli ambayo mgonjwa hana, anahitaji kila msaada wa halali autakao. Sitaki msomaji atoke hapa akidhani nasema simu ni haramu.

Lakini msaada una namna yake ya kutumiwa.

Ngozi ya nani ilisomwa?

Watafiti wa Uganda walichukua programu iliyokuwa tayari inatumika, wakaipa picha 123 za wagonjwa wenye ngozi nyeusi, zilizotoka katika hazina ya kampuni ya huko inayohudumia wagonjwa kwa simu. Ikapatia 21. Hiyo ni asilimia 17. Programu hiyohiyo kwa ngozi nyeupe ilikuwa imeripotiwa kupatia asilimia 69.9. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la African Health Sciences mwaka 2023.

Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho? Kwa sababu mashine haijui ila kile ilichoonyeshwa, na ilichoonyeshwa kwa wingi ni ngozi za wazungu. Vitabu vingi vinasema mahali penye ugonjwa hugeuka pekundu. Kwa mtu mweusi wekundu huo huja kama zambarau, au kahawia iliyokolea, au kijivu, na mara nyingine hauonekani kabisa, unaugundua kwa kuweka mgongo wa kiganja ukasikia joto. Pumu ya ngozi kwa mtoto wa Kisukuma au wa Kisumbwa mara nyingi haiji kama picha za vitabuni, inakuja kama vipele vidogo vigumu vilivyosimama penye vinyweleo. Ikipona inaacha weusi, na mama anakuja analia kwa ajili ya ule weusi, wakati ugonjwa umeshaondoka.

Upo utafiti mwingine uliochapishwa katika Nature Medicine mwaka 2024, na huu ndio unaomhusu anayeanza kazi. Walikusanywa madaktari bingwa wa ngozi 389 na madaktari wa kawaida 459 kutoka nchi 39, wakapewa picha wataje magonjwa. Mabingwa walipatia asilimia 38. Madaktari wa kawaida asilimia 19. Kwa picha za ngozi nyeusi, wote walipungukiwa. Kisha wakapewa msaada wa mashine, tena mashine iliyotengenezwa kwa uangalifu isipendelee rangi. Wote wakapanda. Ila kwa wale wasio mabingwa, pengo kati ya ngozi nyeupe na ngozi nyeusi likazidi kupanuka.

Tafadhali lirudie hilo taratibu. Mashine haikupendelea, bado anayeitumia akapotoka zaidi kwa mtu mweusi. Mimi nalielewa hivi: jibu la mashine linahitaji mtu wa kulipima, na asiyeijua ngozi nyeusi hana cha kulipimia. Atakubali lililo kosa na kukataa lililo sahihi. Na hebu tazama pia hiyo asilimia 38 ya mabingwa. Watu waliobobea miaka na miaka, wanakosea zaidi ya nusu! Walikuwa na picha tu. Hakukuwa na mgonjwa wa kumgusa wala wa kumuuliza.

Mkono unajua lisilopigwa picha

Chukua ukoma, ugonjwa ambao watu wengi hudhani umekwisha, na haujakwisha. Huanza kwa baka lililofifia rangi, haliwashi, haliumi. Kwa picha linafanana na choa, linafanana na mbalanga changa, linafanana na yale mabaka meupe ya mashavuni kwa watoto. Ukitaka kujua, unachukua pamba, unaisokota ncha, unamwambia mgonjwa afumbe macho aonyeshe kwa kidole pale anapoguswa. Akiguswa ndani ya baka asionyeshe, umepata habari yako. Kisha unapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, na ule wa pembeni mwa goti, uone kama umevimba. Kamera gani inafanya hivyo?

Alinijia mama mmoja na simu mkononi, ameandikiwa kuwa baka la mumewe mgongoni ni fangasi, na krimu ameshanunua. Mume mwenyewe amesimama nyuma yake hasemi. Tukafanya ile ya pamba. Mzee wa watu akawa kimya, amefumba macho, anangoja aguswe, kumbe nilikuwa nimeshamgusa mara tatu. Dawa za ukoma zinatolewa bure nchini, na aliyeanza dawa hamwambukizi mtu baada ya muda mfupi. Lakini akichelewa vidole havirudi. Mwezi mmoja wa krimu ya fangasi, kisha mwingine, kisha wa tatu, ndivyo watu wanavyofikia vidole kupinda.

Au chukua upele. Simu za sasa zinazungumza Kiswahili na zinauliza maswali, sikatai. Zinaweza kukuuliza kama unawashwa usiku na kama wa nyumbani nao wanajikuna. Lakini mgonjwa anaonyesha pale palipomkera, kifuani labda. Anayejua kazi anafungua vidole, anatazama katikati yake, anatazama viganja vya mikono, anamwomba afunue kiunoni. Anatafuta alikoficha mdudu, sio alikolalamikia mtu. Vivyo hivyo na saratani ile mbaya ya ngozi itokanayo na rangi ya mwili. Kwa mzungu huota popote palipopigwa na jua. Kwa mtu mweusi hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Nani anapiga picha unyayo wake kumwonyesha mtu, na haumuumi?

Tena kuna tabu ya krimu. Hapa kwetu mtu haji na ngozi yake kama Mola alivyomuumbia, anakuja nayo ikiwa imepakwa. Krimu kali zenye steroidi zinauzwa bila cheti, na zipo zilizochanganywa dawa tatu kwa tyubu moja. Ukiipaka juu ya fangasi, mwasho unatulia siku mbili, unashukuru, kumbe fangasi wanatambaa chini kwa chini na ile duara yao ya kawaida inapotea. Ugonjwa unakuwa umevaa nguo ya ugonjwa mwingine. Ongeza mkorogo wa kujichubua, wenye zebaki au hydrokwinoni, ambavyo vimepigwa marufuku na bado vinapita. Ngozi hiyo ukiipiga picha, unaipiga picha dawa, huupigi picha ugonjwa.

Na kazi zetu je? Mwezi wa kuvuna tumbaku, mtu akikumbatia majani mabichi yenye umande, nikotini inamwingia kwa ngozi, anatapika na kizunguzungu, na mikono inawasha. Ukimwambia ana aleji ya sabuni umemkosea. Upande wa Kahama na Geita wachimbaji wadogo wanakanda mchanga wa dhahabu kwa zebaki kwa mikono mitupu, ijapokuwa nchi yetu iliridhia mkataba wa Minamata wa kuipunguza zebaki mwaka 2020. Daktari wa ngozi wa ukanda huu lazima ajue kuuliza: unafanya kazi gani, na jana ulishika nini? Swali hilo halimo kwenye picha, na aliyezoea kuanza na picha hulisahau.

Kisha kuna ndugu zetu wenye ualbino, ambao Kanda ya Ziwa ni wengi, na ambao wamepitia mateso ambayo sina haja ya kuwakumbusha watu wa Shinyanga wenye kituo cha Buhangija. Mtu angedhani kwao mashine itafaa, maadamu ngozi ni nyeupe. Lakini mashine zilifundishwa sana kuitafuta ile saratani ya wazungu iliyo nyeusi kama wino, wakati saratani inayowaua hawa ndugu zetu kwa wingi ni nyingine, ile ya kidonda kisichopona, chenye gamba, sikioni, shingoni au mdomoni. Anayewahudumia ni mtu anayewatazama mwili mzima kila baada ya miezi, anachoma vidoa vidogo kabla havijawa vidonda, anawapa mafuta ya kukinga jua na kofia yenye ukingo mpana. Kazi ile ni ya macho na mikono, na ni ya kurudia, mwaka hadi mwaka.

Elimu ya kutazama hupokewa kwa mwalimu

Sasa turudi kwa kijana wetu. Daktari wa ngozi anatengenezwa vipi? Pale KCMC Moshi, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilifunguliwa mwaka 1992. Wazo lake lilikuwa la busara sana. Wasingoje mabingwa wachache waliosoma Ulaya, wakawachukua matabibu wa kawaida waliokwisha kufanya kazi wilayani, kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakawafundisha miaka 2, wakawarudisha kwao. Baadaye wakaongeza na shahada ya udaktari bingwa. Mwanafunzi pale anakaa kliniki siku baada ya siku na mwalimu pembeni. Anatazama, anasema anachodhani, anakosolewa mbele ya mgonjwa, anatazama tena.

Sisi tuliopita madrasa jambo hili hatuhitaji kufafanuliwa. Msahafu kila nyumba unao, na siku hizi usomaji wa makarii wakubwa uko kwenye simu. Bado hakuna aliyeijua tajwidi kwa kusikiliza tu. Lazima ukae mbele ya ustadhi, usome, akusimamishe, akwambie herufi hiyo haikutoka mahali pake, urudie mpaka jasho likutoke. Kile kitendo cha kukosea na kurudishwa ndicho kinachoingia mwilini. Simu ikimpa kijana jibu kabla hajakosea, imemnyima somo.

Wala si maneno ya mwalimu wa madrasa peke yake. Huko Poland madaktari 19 wenye uzoefu, kila mmoja akiwa amekwisha kufanya uchunguzi zaidi ya 2,000 wa utumbo mpana kwa kamera, walizoea kusaidiwa na akili mnemba kuona vinyama vya hatari. Watafiti wakaja kuwapima siku walizofanya kazi bila mashine. Kabla ya kuizoea, walikuwa wakivigundua katika asilimia 28.4 ya uchunguzi wao. Baada ya kuizoea na kuachwa bila nayo, asilimia 22.4. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025. Ni utumbo, si ngozi, lakini jicho ni jicho. Kama waliobobea walipungua kwa miezi michache, yule ambaye jicho halijafunguka bado atakuwaje? Yeye hana hata cha kupoteza. Hatakuwa nacho tangu mwanzo.

Na umeme wa Ushetu tunaujua, na mtandao wake tunaujua.

Liko pia suala la dhamana, ambalo sisi Waislamu hatuwezi kulipita. Mtume, rehma na amani zimshukie, amefundisha katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo kwamba anayejitia kutibu na hajulikani kwa utabibu, basi madhara yatakayotokea ni dhamana juu yake. Wanazuoni wakajenga hapo hukumu za kuwajibika kwa tabibu. Sasa mashine ikikosea, mtoto akaharibika ngozi, nani anadaiwa? Mashine haina dhima. Aliyeitengeneza yuko mbali na ameandika kwa herufi ndogo kuwa majibu yake si ushauri wa daktari. Anabaki nani? Yule aliyeshika kalamu akaandika dawa. Akisema “simu ndiyo iliyosema,” huo si udhuru, ni kukiri kwamba hakujulikana kwa kazi ile.

Picha yako ni amana

Sipiti bila kulitaja hili, kwa sababu ni la nyumbani kwako hasa. Maradhi ya ngozi hayachagui mahali. Yanaingia kwapani, chini ya matiti, kinenani. Nimeona akina mama wakipiga picha sehemu za uchi wao na kuzituma kwenye programu wasiyoijua mwenyewe, au kwa “daktari” wa kundi la simu ambaye hawajawahi kumwona. Dharura ya matibabu inamruhusu tabibu kutazama kwa kiasi cha haja. Haikuruhusu kumkabidhi asiyejulikana picha itakayobaki kwake milele. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo. Tabibu akitaka kukupiga picha, ana wajibu wa kukuomba ruhusa na kukueleza inakwenda wapi, nawe una haki ya kukataa na bado ukatibiwa.

Ila pia usikatae kila mara. Hapa natofautiana na ndugu zangu wengine wanaoona picha yoyote ni balaa. Kama mashine hazizijui ngozi zetu ni kwa sababu picha zetu hazimo. Baka la mkononi au la mguuni, bila uso wala jina, likipigwa hospitali kwa idhini yako kwa ajili ya kufundishia wanafunzi, huko ni kutoa msaada. Tukiwaachia wengine peke yao waoneshwe, basi mashine zitawajua wao peke yao.

Na lingine kwa waume wenye wivu wa haki. Mnataka wake zenu wakitazamwa ngozi watazamwe na mwanamke. Vizuri, nami naunga mkono. Ni mabinti wangapi wa Kiislamu wa Ushetu mmewapeleka kusomea utabibu, achilia mbali ngozi? Wa darasa langu wangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa yule mzee wa tumbaku, jibu langu ni kwamba auze ng'ombe. Simu itamkuta mwanawe kazini kama darubini ilivyowakuta waliotangulia, na itamfaa ikiwa atakuwa na jicho lake mwenyewe. Kijana naye nimempa sharti moja, nami nalifuata: mgonjwa akiingia, simu ibaki mfukoni. Tazama mwili kwenye mwanga wa dirisha. Gusa. Uliza kazi, nyumba, dawa. Andika kwenye daftari unachodhani na sababu yake. Baada ya hapo, ukiwa na shaka, itoe simu uiulize, na ikitofautiana nawe usiifuate wala usiipuuze, mtumie mwalimu wako wa juu swali hilo. Wakuu wa vyuo na waganga wafawidhi nao waliandike hili kuwa utaratibu, wasiwaachie vijana wajiamulie, maana foleni ikiwa ndefu nje, njia ya mkato ina utamu.

Wewe nawe msomaji unaweza kumsaidia. Unapokuja na ugonjwa wa ngozi, usipake kitu asubuhi hiyo, si mafuta wala poda. Njoo na tyubu zote ulizokwisha kutumia, hata zilizokwisha, hata za mkorogo, weka haya pembeni, tunataka kusoma kilichoandikwa. Kama kuna mwingine nyumbani anajikuna, njoo naye. Ukiwa na picha ya siku ugonjwa ulipoanza, kabla hujapaka chochote, ionyeshe, hiyo inafaa sana. Na kama simu imeshakupa jina la ugonjwa, kaa nalo kwanza. Mwache anayekupima aseme lake, ndipo umwambie.